Jumatatu Tuliyokwenda kwa Farasi

Handsworth, Birmingham
22 Aprili 2025

Dada Nunu,

Assalamu alaykum. Tangu masikio yako yalipoanza kukusumbua, najua simu kwako ni mvumo mtupu. Kwa hiyo nakuandikia. Soma polepole, kisha uniambie wewe umeelewa nini, maana mimi niliyekuwepo sijaelewa.

Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka na huku watu hawakwenda kazini. Jumuiya yetu haikufanya matembezi ya Idi kwa sababu ya mvua, basi katibu wetu, Bwana Ishaka, yule wa Tanga anayeendesha tramu, akasema atatupeleka shamba kuona farasi. Maneno yake yalikuwa hayohayo: shamba, kuona farasi. Sisi tukachukulia ni pahala pa watoto kulisha karoti. Tukapika pilau, tukakaanga sambusa, tukabeba mikeka na chupa za chai, tukapanda basi la Sandeep pale Soho Road. Hata mwanangu Idarous alikubali kuja, na unajua siku hizi kumtoa chumbani kwake ni kazi.

Tukaenda magharibi, tukapita Kidderminster, tukaingia mashamba matupu mpaka karibu na Wales. Tulipofika, uwanja mzima umejaa magari. Wanawake wazee wamevaa kofia za manyoya ya ndege, wanaume makoti mazito ya sufu, na bia mikononi kabla hata ya adhuhuri. Walituangalia sisi na mabuibui yetu na masufuria yetu, na sisi tukawaangalia wao. Kulikuwa na wanaume wamesimama juu ya visanduku, kila mmoja na ubao wa taa wenye majina na namba, watu wanawapa pesa na wao wanatoa vikaratasi. Nikamwuliza mke wa Sheikh Abdirizak, hawa wanauza nini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawauzi kitu, Maisara. Hii ni kamari."

Nusu ya watu wakataka kurudi basini hapo hapo. Bwana Ishaka alikuwa anatoka jasho katika baridi ile. Akasema hakujua kama pako hivi, lakini hakuna aliyetulazimisha kuweka dau, na farasi ni viumbe vya Mungu, kuwatazama si haramu. Sheikh Abdirizak akasema tumetoka mbali na chakula kitapoa, basi tukae mbali na visanduku na mbali na bia. Tukatandika mikeka kwenye mteremko, karibu na uzio. Mzee mmoja wa Kizungu akasogeza kiti chake ili watoto waone, akanieleza mambo yote ya pale kwa lafudhi ya mashamba yao, nikawa naambulia neno hapa na pale. Nikampa sambusa. Pilipili ikamtoa machozi, naye akaomba nyingine.

Dada, mimi nilidhani mbio ni mbio. Hawa farasi wanaruka. Wamewekewa nyua za vijiti vilivyoshindiliwa, zinamfika mtu kifuani, na wanakuja wote pamoja, ardhi inatetemeka mpaka mfuniko wa sufuria ukawa unalia. Katika mbio za kwanza farasi mmoja alimwangusha mpandaji wake akaendelea peke yake. Akaruka kila ua, akafika wa mwanzo. Nikapiga makofi. Yule mzee akanitikisia kichwa, akasema huyo hahesabiwi. Akanieleza kwa nini, sikuelewa. Amekimbia, ameruka, amefika, na hahesabiwi.

Baadaye Bwana Ishaka akaja kuniuliza kama ningependa kutembea mpaka ua wa mwisho, ndipo wanapoonekana vizuri. Nikamtazama Idarous. Bila kuinua macho kwenye simu yake akasema kwa Kiingereza niende tu. Tukaenda, si pa kujificha, watu wote wanatuona. Njiani akaniuliza kama bado nawapenda punda. Nikashangaa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote huku habari za mimi na punda. Kisha akaniuliza kama nakusudia kuishi hivi hivi siku zote. Nikamwambia, "Mimi nimeshazoea." Basi. Alikuwa amefungua mdomo kusema jambo, na farasi wakaja.

Mmoja aliugonga ua, akaanguka kichwa mbele, akabingirika. Mpandaji aliinuka, farasi hakuinuka. Wakaja watu mbio na turubai za kijani wakamzungushia asionekane. Uwanja mzima ukawa kimya. Nikamgeukia Bwana Ishaka, nikaona ameshika uzio kwa mikono miwili, analia. Machozi yanamtiririka, mtu mzima, kwa farasi wa watu. Nikamwita. Akasema, "Niwie radhi," akageuka akaenda zake.

Mimi nikabaki pale. Hatimaye wakaziondoa turubai, na yule farasi alikuwa amesimama, tope mwili mzima, anatikisa masikio. Watu wakapiga makofi. Nikageuka nimwambie, hakuwepo. Ndani ya basi alikaa mbele karibu na Sandeep, hakugeuka njia nzima. Tuliposhuka aliwaaga wote, na zamu yangu ilipofika akatazama chini.

Nimemkosea? Au ni yule farasi? Tangu mume wangu Suhaib alipofariki sijakaa nikizungumza na mwanamume kwa muda ule, huenda nimesahau watu wanavyozungumza.

Nduguyo,
Maisara


Michenzani, Unguja
24 Aprili 2025

Mdogo wangu Maisara,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeisoma, nikairudia, nikamtaka binti yangu ayakuze maandishi kwenye kioo cha simu yake nikaisoma tena.

Habari za kamari ziache, Mungu anajua nia za watu. Mimi nataka uniambie mengine. Ulipomjibu kwamba umeshazoea, ulisema kwa sauti gani? Ulitabasamu? Ulikuwa unamtazama yeye au unatazama farasi? Kuzoea kunaweza kuwa nimeridhika, na kunaweza kuwa usinisumbue. Wewe tangu utotoni unajibu mkato, mtu anabaki hajui amekaribishwa au amefukuzwa. Na aliondoka bila kula? Pilau yako aliionja? Goti lake nalo halikumsumbua kutembea mbali hivyo kwenye majani?

Sioni ulichokosa, ila hilo jibu lako. Usilitaje jambo hili mbele ya watu wa jumuiya. Usimwulize yeye pia. Mwache kwanza.

Huku mvua za masika zimetuingilia, ngazi zote za jengo zinateleza, lakini sote wazima. Mwambie Idarous mama zake wote wa huku wanamsalimu, na akijibu kwa Kiingereza mwambie sijasikia.

Dada yako,
Nunu


Handsworth
28 Aprili 2025

Dada Nunu,

Nimeshindwa kukutii, utanisamehe.

Jana kulikuwa na mkutano wa jumuiya. Hata dua ya ufunguzi haijakaa sawa, mke wa mwenye duka la vitambaa akasimama kusema kwamba katibu amewapeleka wanawake na watoto kwenye kamari na ulevi, na kwamba watu wa msikiti mwingine wameshasikia wanatucheka. Wengine wakaitikia. Nikangojea Bwana Ishaka ajitetee. Hakujitetea. Alisema ni kosa lake, alitazama picha za farasi na za majani kwenye mtandao akaona panapendeza, hakusoma zaidi. Kisha akasema anajiuzulu, akaweka funguo za ofisi mezani.

Mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema sote tulikuwepo, hakuna aliyeweka dau, tulisali adhuhuri pale pale kwenye majani, na wale watu walituheshimu kuliko tunavyoheshimiana humu. Yule mama akanitazama akasema, "Wewe lazima umtetee. Kule kwenye ua wa mwisho mlikuwa mnaangalia nini?"

Dada, ukumbi wote ulinigeukia. Na kweli sijui tulikuwa tunaangalia nini. Nikaketi. Bwana Ishaka akatoka nje. Sheikh Abdirizak akazichukua zile funguo akazitia mfukoni mwake, akasema mkutano umeahirishwa.

Nilipofika nyumbani nikaisoma tena barua yako nipate cha kunituliza. Nikafika kwenye goti. Mimi sijakuandikia habari za goti la Bwana Ishaka. Hapa hata wanaomwona kila Jumapili hawajui kama lina matatizo, nimelijua mimi siku ile tu alipokuwa anapanda mteremko. Na yeye amejuaje habari za punda?

Niambie unachokijua. Usinizungushe, nimechoka kuwa mtu pekee asiyejua.

Maisara


Michenzani
29 Aprili 2025

Maisara mdogo wangu,

Umenikamata. Keti, ukisha usome.

Kabla ya Ramadhani walikuja wageni wawili kutoka Tanga: kaka yake Ishaka na shangazi yao, mama mtu mzima mwenye adabu sana. Walikuja kukuposa. Ndiyo, wewe. Walisema ndugu yao amekuona kwa miaka katika jumuiya, ni mjane kama wewe, hana mtoto, anaendesha tramu, anasali, ana goti moja bovu, na hawakutaka kuficha kitu. Nikafurahi mpaka nikaogopa.

Ningekwambia vipi? Wa kwanza aliyekutaka, ulimkata kabla sijamaliza jina lake. Wa pili ulinifungia simu wiki nzima. Basi nikawaambia wageni, msimshtue, mwacheni Ishaka mwenyewe azungumze naye taratibu, pahala penye uwazi, nje ya mji. Shangazi mtu akaniuliza, anapenda nini? Nikasema, tangu mdogo akiona gari la punda Darajani alikuwa analisimamisha amkune punda masikio, mwenye gari anatukana. Shangazi akasema, huko Uingereza punda hakuna, lakini farasi wapo. Nikasema hata farasi. Kwa hiyo kosa la wale farasi, la kamari, la kila kitu, ni langu mimi na yule bibi, tulipanga juu ya kochi tunakunywa chai.

Sasa lililobaki, na hili ndilo linaloniumiza. Kaka yake alikuja tena juzi, peke yake. Alisema Ishaka ameleta maneno kwamba posa irudishwe, na kwamba waniombe radhi. Sababu hakuitoa. Mimi nadhani ni lile jibu lako. Nimekuwa nikikuuliza sauti gani, sauti gani, kumbe nilitaka kujua kama kuna la kutengeneza.

Nilikuficha kwa kukupenda. Kasirika kwanza, halafu uniandikie.

Nunu


Handsworth
1 Mei 2025

Kaka Ishaka,

Assalamu alaykum. Anwani yako nimepewa na Sheikh Abdirizak, hakuniuliza ya nini.

Nimejua jambo ambalo mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kulijua. Nimejua pia kwamba limekwisha kabla sijalisikia. Nilikasirika, na kusema kweli sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo hasira nimeiweka kando. Sikuandikii kuhusu posa. Wewe ni mtu huru na mimi ni mtu huru.

Nakuuliza jambo moja. Ulikuwa unazungumza na mimi vizuri, ukalia, ukaondoka. Watu wananiuliza tulikuwa tunaangalia nini kule, na mimi sina la kuwajibu. Si wao wanaonisumbua, najisumbua mwenyewe. Kama ni neno nililosema, niambie. Kama si langu, niambie pia, ili niache kulitafuta.

Maisara binti Khelef


Hodge Hill
4 Mei 2025

Bi Maisara,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Nimeandika mara nyingi nikachana. Hii nitaituma ilivyo.

Si neno lako. Ulisema umeshazoea, nikasikitika kidogo, lakini nilikuwa najiandaa kukujibu kwamba mimi nilidhani nimeshazoea pia. Hilo ndilo nililofungua mdomo kulisema. Kisha yule farasi akaanguka, wakamzungushia zile turubai.

Mke wangu alianguka jikoni asubuhi moja, anamimina chai. Hospitali walimlaza wakavuta pazia kuzunguka kitanda. Wakanipa viatu vyake nivishike, wakaniambia nisubiri hapo nje. Walikuwa watu wema, walifanya kazi yao. Nilisikia miguu yao chini ya pazia inakwenda haraka, halafu inakwenda polepole, halafu imesimama. Lilipofunguliwa nilikuwa bado nimevishika vile viatu. Ni miaka sasa. Nimehama nyumba, nimebadilisha kazi, nimekuwa katibu, nachekesha watu kwenye mikutano. Nikaona nimepona, niko tayari kumtuma kaka yangu. Na siku ile kwenye majani, watu wote wamenyamaza, nikawa nimesimama pale pale nje ya pazia.

Niliona si haki kumposa mwanamke hali bado namlilia mwingine hadharani. Wewe unastahili mtu mzima, si nusu. Ndiyo maana nikamwambia kaka arudi kwa dada yako aombe radhi. Kukuambia wewe mwenyewe nilikosa ujasiri. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Sikuweza kubaki kuona mwisho wa yule mnyama. Nilipotazama nyuma kutoka mbali nilikuona umesimama pale peke yako, hukuondoka. Nimelifikiria hilo sana. Sijui ulipata wapi moyo wa kukaa na kiumbe kinachokufa ambacho hata si chako.

Unisamehe,
Ishaka


Handsworth
5 Mei 2025

Kaka Ishaka,

Yule farasi hakufa. Waliziondoa turubai akawa amesimama, wakamwongoza kwa miguu yake mwenyewe. Nilikugeukia kukuambia, ulikuwa umeshaondoka. Nilidhani unajua. Kumbe wiki hizi zote umekuwa na maiti ambayo haipo.

Jumapili baada ya adhuhuri njoo unywe chai. Idarous atakuwepo. Usilete kitu.

Maisara


Handsworth
12 Mei 2025

Dada Nunu,

Nilikasirika kama ulivyoniruhusu, na sasa nakuandikia.

Bwana Ishaka alikuja jana. Nilimwambia asilete kitu, akaleta mkate wa ufuta ameuchoma mwenyewe, umeungua upande mmoja. Hata hajakaa, akaniuliza kama kweli yule farasi aliinuka. Nikamweleza. Akaniuliza aliinuka vipi, miguu ya mbele kwanza au ya nyuma. Nikasema kulikuwa na turubai, nimeona tayari amesimama. Akataka nimweleze tena alivyotikisa masikio. Nikaanza kucheka, naye akacheka, kisha akafuta macho bila kujificha.

Akanieleza habari za mkewe. Alikuwa mkali, hapendi vyombo vilale vichafu, akiimba anakosea maneno makusudi. Nilimsikiliza, Dada, na nilidhani nitaona wivu au nitaona uzito, sikuona. Halafu akaniuliza, "Na marehemu Suhaib alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwongezea chai kikombe kikiwa bado kimejaa. Si kwamba nimesahau. Nimekaa miaka yote hii sijalitaja jina lake ndani ya nyumba hii, nikidhani namlinda mtoto asiumie. Idarous alikuwa pale mwisho wa meza na simu yake. Akaiweka chini. Na akasema kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika lakini Kiswahili: "Baba alikuwa anapenda nini, Mama? Mimi sijui hata moja."

Nikawaambia. Alikuwa anapenda embe mbichi na chumvi, anaogopa paka, alipompata mwanawe alikwenda kazini na viatu visivyolingana akarudi jioni hajajua. Niliongea mpaka tukalazimika kuchemsha chai nyingine. Idarous anauliza, mimi najibu, na Bwana Ishaka anakata mkate wake ulioungua anatugawia, haingilii. Alipoondoka, mwanangu alimsindikiza mpaka kituo cha basi bila kuambiwa. Nilisimama dirishani nikawaona wanakwenda polepole kwa ajili ya lile goti. Walikuwa wanazungumza nini sijui, na Idarous amekataa kuniambia.

Sheikh Abdirizak amemrudishia funguo zake. Amesema safari ijayo asome mpaka mwisho.

Sasa najua utaniuliza, kwa hiyo nakujibu kabla. Nilimwambia Bwana Ishaka kwamba lile neno langu la kuzoea halikuwa kweli, nilikuwa sijui kama si kweli mpaka nilipolisema. Hakuniomba kitu. Mimi sikumpa kitu. Tumekubaliana atakuja tena Jumapili, na Idarous ameshasema yeye ndiye atakayechoma mkate.

Waambie wa Tanga posa wasiirudishe, wala wasiisukume mbele. Waiache hapo ilipo. Wakikuuliza nimesema nini, waambie bado nafikiri. Na wakikuuliza nitamaliza lini, sema hujui, maana mimi mwenyewe sijui, na kwa mara ya kwanza kutojua hakunitishi.

Mdogo wako,
Maisara